Dhabbu Si Kenge: Khabari za Safari Yetu ya Muleba



Tumekusudia mwezi huu kuwapeni khabari za safari fupi tuliyoifanya kutoka mji wa Bukoba mpaka wilaya ya Muleba, hapa hapa kwetu mkoa wa Kagera. Safari yenyewe haikuwa ya mbali, wala hatukwenda kwa biashara au kwa arusi. Tulikwenda kulipa deni la neno moja, ambalo tulilifasiri vibaya mbele ya watoto wa watu kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini.

Neno lenyewe ni dhabbu. Kila aliyepita chuoni amekwisha kulisikia, kwa kuwa limo katika Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim. Imepokewa ya kwamba Khalid bin Walid aliingia pamoja na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika nyumba ya Bibi Maimuna, mke wa Mtume, ambaye alikuwa khalati yake Khalid. Wakatengewa nyama ya dhabbu aliyechomwa, aliyeletwa kutoka Najdi na Hufaida, ndugu yake Bibi Maimuna. Mtume akanyoosha mkono wake. Mmoja katika wanawake waliokuwapo akasema kuwa yafaa aambiwe ni nyama gani. Alipojulishwa akaurudisha mkono. Khalid akamwuliza je, ni haramu? Mtume akamjibu kuwa si haramu, lakini mnyama yule hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Basi Khalid akajivutia sahani, akala, na hali Mtume anamtazama.

Hadithi hii sisi tulifundishwa utotoni mwetu na mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alituambia kuwa dhabbu ni kenge. Hatukuuliza. Tulipokaa nasi juu ya mkeka wa kufundisha, tukawaambia wanafunzi wetu vile vile tulivyoambiwa. Kosa hili si letu peke yetu, maana Waswahili wengi wamelifasiri neno hilo kwa kenge au burukenge, na wengine kwa guruguru. Sababu yake yaelewekeka. Uislamu ulifika pande zetu katika karne ya 19 pamoja na wafanya biashara wa Pwani na wa Oman, waliopita Tabora wakaja Karagwe, wakaweka kituo chao Kafuro. Kitabu kilikuja na maneno yake, lakini mnyama wa jangwani hakuweza kuja. Mwalimu akitaka kumfahamisha mtoto mjusi mkubwa aliyetajwa na Mtume, atamwonyesha mjusi mkubwa aliye karibu, na kwetu kandokando ya Ziwa mjusi mkubwa ni kenge.

Sasa na tueleze tulivyokuja kujua kuwa tumekosea. Mwanzoni mwa Aprili, mwaka 2018, ilipokuwa mwezi wa Rajabu, tulijaaliwa kwenda Oman kwa mwaliko wa mtu aliyesoma kwetu zamani, ambaye wazee wake walikuwa wenyeji wa huko na sasa amehamia kwao. Kiswahili hakikumtoka ulimini hata kidogo. Siku moja alituchukua kwa gari kutoka Muscat, tukapita Nizwa, tukashuka mpaka Adam, mji ulio ukingoni mwa jangwa. Baada ya mji ule nchi ni tambarare, ardhi ngumu ya changarawe, na miti ya migunga imesimama mmoja mmoja kama watu waliogombana. Sisi tuliozoea Bukoba, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000 na migomba hufunika nyumba, tulistaajabu kuona nchi ambayo mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 100.

Mwenyeji wetu akasimamisha gari akasema, “Maalim, mtazame dhabbu.” Tukatazama, wala hatukumwona, maana macho yetu yalikuwa yakimtafuta kenge. Tulikuwa tukitafuta shingo ndefu na mkia kama mjeledi. Kumbe aliyekuwa mbele yetu ni kiumbe mfupi, mnene, mpana wa tumbo, kichwa chake kimeviringana kama cha kobe, amejilaza mlangoni pa shimo lake akiota jua. Mkia wake ulikuwa mzito, umezungukwa na pete za miiba, pete juu ya pete mpaka nchani. Alikuwa na rangi ya weusiweusi. Mwenyeji wetu akatuambia kuwa asubuhi huwa mweusi ili avute joto, na jua likipanda hugeuka akawa manjano ya mchanga. Tulikaa kiasi cha saa mbili tukaliona jambo hilo kwa macho yetu.

Kisha akatoka, akaenda polepole mpaka chini ya mgunga, akaanza kula. Tulidhani atakamata panzi au mjusi mdogo. Hakufanya hivyo, alikula majani. Alikuwa akiyachuma kwa kinywa kama afanyavyo mbuzi. Tukamwuliza mwenyeji wetu, “Huyu hali nyama?” Akacheka akasema, “Maalim, huyu chakula chake ni majani na mbegu. Pengine mdudu mmoja mmoja, khasa akiwa mdogo. Na maji hayanywi ila kwa nadra. Yanamtosha yaliyomo katika majani.” Akatuonyesha na weupe kama unga puani mwake, akasema ni chumvi ya majani ya jangwani, ambayo Mola wake amempa njia ya kuitoa kwa puani.

Tulipomkaribia alirudi shimoni mbio, akaingia kichwa mbele, akauacha mkia wake wa miiba umeziba mlango. Mwenye kutia mkono hapo atajuta. Shimo lenyewe hulichimba mwenyewe katika ardhi ngumu. Ni jembamba, lapindapinda, na huweza kwenda mita kadhaa chini ya ardhi. Hapo ndipo tulipoikumbuka Hadithi nyingine, ile ambayo Mtume aliwatahadharisha umati wake wasije wakawafuata waliowatangulia kwa upofu, hata wakaingia nyuma yao katika shimo la dhabbu. Miaka yote tuliyoisoma Hadithi hiyo tulikuwa tukifikiri habari za kenge, na mfano haukutuingia vizuri, kwa kuwa kenge wa Ziwa akitishwa mara nyingi hujitupa majini. Lakini aliyeliona shimo la dhabbu ataufahamu mfano mara moja. Ni mahali pembamba, penye giza, pasipo faida kwa mwanadamu, na mlangoni pana miiba. Ni nani ataingia humo ila yule asiyetumia akili yake?

Wataalamu wa viumbe wanamweka dhabbu katika jenasi waliyoipa jina Uromastyx, jina alilolitoa Mjerumani Merrem mwaka 1820 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mkia na mjeledi. Aina zao zinakaribia kumi na tano, nao wanakaa katika nchi kavu tangu Sahara mpaka Bara Arabu. Aliye karibu kabisa na sisi yuko Somalia. Yule tuliyemwona Adam ni wa aina ile kubwa, ambayo urefu wake huzidi sentimita 60 pamoja na mkia. Mtu wa kwanza kuiandika kwa jina la kitaalamu ni Peter Forskål, aliyesafiri Misri na Bara Arabu akafia Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikatoka mwaka 1775. Leo aina hiyo imehesabiwa kuwa hatarini, kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya nyama, kukamatwa kwa ajili ya kuuzwa, na magari yanayoharibu mashimo yao. Tangu mwaka 1977 biashara ya dhabbu wote baina ya mataifa imetiwa chini ya masharti ya mkataba uliofanywa Washington mwaka 1973.

La ajabu zaidi ni hili: dhabbu na kenge si jamaa wa karibu. Jamaa yake dhabbu aliye kwetu Bukoba ni yule mjusi mwenye kichwa cha buluu, apandaye miti na kuta huku akitikisa kichwa, ambaye watoto humrushia mawe. Hata kinyonga yu karibu na dhabbu kuliko kenge.

Basi tulirudi kwetu na elimu hii. Na hapa, enyi wasomaji, ndipo ilipo aibu yetu. Darasani tulisahihisha. Wanafunzi tuliokuwa nao mwaka huo tuliwaambia kuwa dhabbu si kenge. Lakini wale waliokwisha kututoka, walio Muleba, Karagwe, Biharamulo na Mwanza, hatukuwatafuta. Tulijiambia kuwa ni neno dogo, na kwamba hakuna atakayedhurika kwa jina la mjusi. Ukweli ni kwamba tuliona haya.

Miaka ikapita. Kisha ikatufikia khabari kutoka kijiji kimoja cha wavuvi katika wilaya ya Muleba. Mtu mmoja aliyesoma kwetu utotoni alimkuta kenge amenasa katika nyavu zake, akamwua, akampeleka nyumbani, akaamuru apikwe. Mama yake, ambaye ni bibi mtu mzima aliyepita miaka themanini, akasema chungu chake hakitaingia mnyama yule. Mwanawe akamjibu kuwa ni halali, na kwamba Khalid bin Walid alimla mbele ya Mtume, na kwamba mwenye kukataa kilichohalalishwa na Mungu anajitia katika makosa. Maneno yakapanda. Bibi akachukua kanga zake akahamia kwa binti yake, na chakula cha nyumba ile hakukila tena. Mambo hayo yalikuwa yamekwisha timiza mwezi yalipotufikia. Na aliyetuletea khabari akamaliza kwa kusema, “Anasema ndivyo ulivyomfundisha, Maalim.”

Usiku ule hatukulala vizuri. Kesho yake baada ya sala ya Alfajiri tukaenda stendi ya Bukoba tukapanda gari la abiria.

Njia ya Muleba ni ya kiasi cha kilomita 70, nayo ni njia nzuri kwa mwenye moyo mtulivu. Ukitoka Bukoba, mji uliowekwa na Emin Pasha mwaka 1890, unafika Kemondo yenye bandari yake, kisha Muhutwe, na upande wako wa kushoto Ziwa linajitokeza na kujificha nyuma ya vilima. Migomba na mibuni imeandamana na njia. Katika gari walikuwamo abiria waliobeba senene waliokaangwa, maana ulikuwa ni mwezi wa Novemba, wakati wa senene. Kijana mmoja wa Pwani aliyekaa karibu nasi alipewa konzi yake akakataa kwa adabu, akasema kwao hawaliwi. Mama aliyempa hakukasirika; alicheka tu akampa jirani yake. Sisi tuliokuwa tumejaa huzuni tuliliona jambo lile kama limeletwa makusudi. Nani katika gari lile aliyemwambia yule kijana kuwa ameharimisha senene? Wala yeye hakuwaambia Wahaya kuwa wanakula uchafu. Kila mmoja alishika nchi yake, na safari ikaendelea.

Tulipofika kijijini tulishukia pwani ya Ziwa, mahali wanapoanika dagaa. Na hapo hapo, kama aliyetumwa, tulimwona kenge. Alikuwa juu ya jiwe karibu na matete, urefu wake wapata mita moja na nusu, ulimi wake wenye panda mbili ukitoka na kuingia. Wavuvi walikuwa wametupa matumbo ya samaki. Akashuka, akayala, akaondoka na kichwa cha sangara kinywani. Kenge hula samaki, kaa, vyura, konokono, ndege na mayai, hata ya mamba, na mizoga haimshindi. Jike lake hutoboa kichuguu, khasa baada ya mvua, hutaga humo, na mchwa wenyewe hukiziba wakamhifadhia mayai. Ni kiumbe mwenye maarifa yake, nasi hatumtukani. Lakini tulipomtazama pale tuliona dhahiri kuwa hana ushirika na yule mla majani wa Adam, si kwa umbo, si kwa chakula, wala kwa makazi. Hata Waarabu wenyewe hawawachanganyi: kenge kwao huitwa warali, na wanavyuoni wamemzungumza peke yake.

Tulimkuta mwanafunzi wetu nyumbani. Tukamwomba amwite mama yake na jamaa zake. Bibi akaja ameshikwa mkono na mjukuu. Tulipompa shikamoo akaitika akasema, “Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisomea Hadithi?”

Tukamjibu, “Nimekuja kuomba radhi, Bibi.”

Tukaeleza yote kama tulivyowaelezeni ninyi. Tukasema kuwa dhabbu wa Hadithi ni mnyama mwingine wa nchi nyingine. Kwamba maimamu Malik, Shafi na Ahmad wamemhalalisha, na wafuasi wa Abu Hanifa wamemchukia. Na kwamba hukumu ya kenge haichukuliwi katika Hadithi ya Khalid. Mwanafunzi wetu akauliza, “Basi Maalim, kenge ni halali au haramu?” Tukamwambia kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake, wako waliomzuia na wako waliomruhusu, nasi si mufti, swali hilo na alipeleke kwa masheikh wenye elimu ya fikihi, na mpaka atakapojibiwa aache. Tulikwisha kumjibu mara moja bila ya kujua, na yale yaliyotokea yalitutosha.

Kisha tukamgeukia juu ya lile lililokuwa kubwa zaidi. Tukamwambia, “Tuseme kenge ndiye dhabbu. Tuseme mimi sikukosea hata herufi. Katika Hadithi ile uliyomsomea mama yako, ni nani aliyeurudisha mkono wake?”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Mtume.”

“Na je, Khalid alimwambia kuwa amekataa kilichohalalishwa?”

“La.”

“Basi mama yako alikuwa na haki kwa njia zote mbili. Kama mnyama si yule, hakuwajibika kumla. Na kama ndiye, amefanya alivyofanya Mtume: nafsi yake haikumpenda, akaacha. Wewe ulichukua nusu ya Hadithi inayokufaa, nusu ya pili ukaiacha sahanini.”

Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini alipiga magoti mbele ya mama yake kama wapigavyo magoti watoto wa Kihaya wanapoamkia. Hatutayaandika waliyosemezana, maana ni yao. Bibi alitaka jambo moja tu: chungu kile kisuguliwe kwa majivu mbele ya macho yake. Kikasuguliwa. Jioni ile akapika ndizi na samaki kwa mkono wake, tukala sote.

Tulipokuwa tukinawa, yule mjukuu, mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, alitujia akauliza kwa adabu, “Shikamoo Maalim. Na maneno mengine uliyomfundisha baba, ni ya kweli?”

Baba yake alitaka kumkemea, tukamzuia. Tulimwambia kuwa aliyo nayo baba yake katika Qurani na sala tumeyapokea kwa walimu waliopokea kwa walimu, naye atayakuta yameandikwa. Lakini majina ya wanyama, na miti, na nchi tusizoziona, hayo aendelee kuyauliza, wala asimwogope mwalimu yeyote. Hatujui kama jibu letu lilimtosha. Sisi halikututosha, na tangu siku ile tumefungua daftari tunamoandika kila neno tulilolifasiri kwa kukisia, ili tulitafute kwa wanaojua.

Enyi wasomaji wetu, khasa ninyi mlio walimu wa vyuo na ninyi mlio wazee wa nyumba, tunakuombeni mambo mawili. La kwanza, watoto wakifika katika Hadithi hiyo waambieni kuwa dhabbu ni mjusi wa jangwani, mwenye mkia wa miiba, mla majani, mchimba shimo. Na jina lake liacheni kwa Kiarabu, kwa kuwa Kiswahili chetu hakikumkuta. La pili, aliyekosea asingoje mpaka kosa lake liwatoe wazee majumbani mwao. Sisi tulirudi Oman mwaka 2018 hali tunajua, na nauli ya kwenda Muleba tulikuwa nayo.

Kama yuko popote aliyesoma kwetu na akaisoma makala hii, basi na aijue kuwa ni barua yake. Wabillahi taufiki.